Chatu wetu amekubali panya aliyekufa

Jamani, sikilizeni ya leo!

Baba yangu hucheza ngoma ya nyoka hapa Shinyanga. Tangu chatu wake ang'atwe mdomoni na panya hai, amegoma kula. Amekonda hadi huruma.

Leo nikachukua panya aliyekufa, nikampasha kwenye maji ya moto, nikamshika mkia na kumtikisa aonekane hai.

"Nyoka hali mzoga, mwanangu," baba akasema.

Mara chatu akaruka! Akamzonga panya pamoja na mkono wangu.

"Nimtoe?" baba akapaza sauti.

"Muache, baba! Akishtuka atamtema."

Vidole vikafa ganzi. Nikasimama tu, jasho linanitoka.

Taratibu chatu akalegea, nikachomoa mkono. Akaanza kummeza.

Baba akageukia ukutani, akafuta machozi kwa shati.

Nyie mngevumilia? Semeni ukweli!