Siku Niliyomwigiza Wifi Mbele ya Wageni

Jamani, naona aibu hata kuanza, lakini nikinyamaza mtaisikia kwa watu wa mtaani kwetu Chuno, nao wataitia chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi).

Wifi yangu Rehema, mke wa kaka, alijifungua, nami nikahamia kwao kumlea mpaka arobaini. Nilijifanya fundi wa uzazi, namkanda maji moto, namnywesha uji wa pilipili manga, nyumba nzima naiamrisha mimi. Siku ya arobaini yenyewe, wageni wanaingia na pilau iko jikoni, akaniita chumbani.

"Wifi, taya linaniuma, na mkono huu wa kushoto umekuwa mzito. Nipelekeni hospitali."

Nikamtazama, kijana kabisa, hana presha wala sukari, nikaona huyu anadeka tu. "Ni jino hilo, na mkono ni kubeba mtoto. Ngoja wageni wale kwanza," nikamwambia, nikaenda kumkalisha jamvini.

Akawa hacheki, hali, anafuta jasho tu, wageni wakauliza ana nini. Sifa zikanipanda kichwani! Nikainuka, nikashika taya, nikalegeza mkono, "Uwii wifi, nipelekeni!", wanawake wakacheka mpaka machozi, nami nikaongeza na kuyumba, mara kicheko kikakatika, nikageuka, kumbe Rehema ameanguka nyuma yangu (na mimi bado nimeshika taya).

Jirani yetu, mama Zuhura, ndiye aliyekimbilia bajaji. Kufika hospitali nikaanza tena habari za jino, daktari akanikatiza: "Mama, hebu mwache mgonjwa aseme mwenyewe."

Wakampima, ikaonekana ni moyo, akakimbizwa Dar, na huko wakakuta mshipa unaoulisha moyo umechanika kwa ndani, damu imejipenyeza kwenye ukuta wake na kubana njia. Wakasema hali hiyo huwapata hata wanawake vijana wazima, hasa waliojifungua karibuni, na maumivu yanaweza kutokea kwenye taya, mkono au mgongo, siyo lazima kifuani.

Alhamdulillahi, alipona. Nilimwomba radhi mbele ya wanawake walewale, akasema yamekwisha, nami nikaapa sitampimia mtu maumivu yake tena.

Lakini juzi kizunguzungu kilimshika, kaka yuko safarini, mimi nipo uani nafua nguo za mtoto, na Rehema akampigia simu mama Zuhura aje kumpeleka, siyo kuniita mimi. Sikumlaumu. Nilimbeba mtoto nikawafuata, na njia nzima sikufungua mdomo.