Delmar na Injini ya Mkwewe

Shemeji yangu Delmar Fenske aliuza bima maisha yake yote ya kazi, na kama kuna mtu huku kaskazini mwa Wisconsin aliyewahi kumshinda kwa maneno, mimi sijakutana naye. Alipostaafu, mdomo haukustaafu. Ulikosa tu wateja. Dada yangu Ardis, mkewe, alivumilia kiangazi kizima akifundishwa namna ya kukunja taulo. Halafu Delmar akagundua injini.

Injini yenyewe ilikuwa ya baba yetu, mzee Selmer Ostby, ile ndogo ya kufunga nyuma ya boti, ya mwaka hamsini na nne. Rangi ya kiwandani ilipobanduka, baba aliipaka nyekundu iliyobaki baada ya kupaka zizi la ng'ombe, na nywele za brashi zikagandia humohumo. Kwa sura ilikuwa kituko. Lakini ulikuwa ukivuta kamba mara tatu nne, ukaitukana kidogo, inawaka. Baba alipofariki alimwachia Ardis, maana mimi samaki nampenda akishafika kwenye sahani. Kila mwaka barafu ikishayeyuka ziwani, Ardis alikuwa akitoka asubuhi na boti yake ya bati kwenda kuvua sangara, peke yake. Hakuwa na starehe nyingine. Ukiishi na Delmar utaelewa kwa nini mtu apende kukaa katikati ya maji na kitu kinachonguruma kuliko mumewe.

Vuli moja Ardis akaja kwangu, nyumba ya jirani tu, akaniambia kwamba Delmar ameileta injini jikoni. Alikuwa amesoma gazeti la wapenzi wa injini za zamani akisubiri zamu yake kwa kinyozi. Injini ya mzee Selmer, alitangaza, ni hazina, na ni aibu kwa ukoo kuiacha katika hali ile. Yeye ataifungua mpaka nati ya mwisho na kuirudishia heshima yake. Mtu huyu alikuwa hajawahi kubadilisha hata bomba la sinki bila kumpigia simu fundi.

Na kweli akaifungua. Hilo nampa, ingawa kufungua hakujawahi kumshinda mtu. Meza ya jikoni ikapotea chini ya pistoni, kabureta, springi na vikopo vya mtindi vilivyojaa skrubu, na wao wawili wakawa wanakula wamesimama. Bolti zilizoshikwa na kutu alizichemsha kwenye sufuria ambayo Ardis hutengenezea achari ya matango. Vyuma vyenye grisi akavitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Sikukuu ya Shukrani ilipofika, sahani zote zilinuka petroli. Mchungaji wetu, Mlutheri mpole asiyeweza kusema ukweli mbele ya chakula, alikula mkate mtupu na kumsifia mpishi.

Nilimuuliza Delmar siku hiyohiyo, mbele ya wageni, "Shemeji, hii injini unaitengeneza au unaiandalia maziko?"

"Verna," akanijibu bila kuinua macho, "kuna watu wakiitazama wanaona chuma, na kuna watu wanaona historia."

"Mimi naona sufuria ya dada yangu."

Wiki iliyofuata aliikwangua rangi ya baba. Ardis alikuwa pale pale, amesimama mlangoni na glasi mkononi. Delmar alikuwa akipiga msasa na kueleza kwamba rangi ya zizi ni tusi kwa chombo cha namna hii. Alipomaliza akaondoka kwenda kuoga. Ardis akachukua ufagio akafagia yale magamba mekundu, polepole mno, na mimi nikamshikia kizoleo.

Barafu ikayeyuka, na injini bado ilikuwa kwenye vikopo. Ringi za pistoni zilikuwa zinatoka kwa mzee mmoja wa Ohio ambaye alizituma pale alipojisikia. Rangi ya kijani iliyoletwa ilirudishwa kwa kuwa eti haikuwa kijani chenyewe cha kiwandani. Ardis akawa anavulia gatini, kama watoto wa wageni wa kiangazi, akipata visamaki vya kurudisha majini. Alipouliza boti itatoka lini, alijibiwa kwamba mambo mazuri hayaharakishwi. Kiangazi kilichofuata kikapita vivyo hivyo.

Wakati huo Delmar alikuwa amejiunga na chama cha wenzake. Ni wanaume wazima. Wanakutana kwenye uwanja wa kuegesha magari, wanafunga injini zao kwenye mapipa ya maji, wanaziwasha, kisha wanasimama na kahawa zao, macho wameyafumba, wakisikiliza. Hakuna hata mmoja anayekwenda mahali. Kabla mwaka haujaisha walimchagua kuwa katibu, kwa sababu wengine wote walikuwa na akili ya kukataa.

Mwishowe ikakamilika. Rangi aliikausha ndani ya oveni ya Ardis, na kwa majuma mawili keki zote zilikuwa na ladha ya mlango mpya. Lazima niseme ilipendeza. Iling'aa kama peremende. Waamuzi wa chama waliitazama kwa vioo vya kukuzia, wakampa utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza. Delmar akairudisha nyumbani imefunikwa blanketi, akaisimamisha sebuleni kwenye kigoda cha mwaloni, akaielekezea taa. Kiti cha Ardis kikahamishiwa ukumbini ili kuipa nafasi.

Asubuhi moja ya mwezi Juni nilikuwa kwao nikinywa kahawa. Ardis alitoka chumbani amevaa viatu vya mpira, fimbo yake ya kuvulia mkononi.

"Naomba injini," alimwambia mumewe.

Delmar akacheka, halafu akaona kwamba ni yeye peke yake anayecheka. Akaanza kueleza habari za michubuko, matope, mawe ya ufukweni. Tutanunua nyingine mpya, alisema, ya kisasa, itakayowaka yenyewe.

"Nayo hii?"

"Hii si ya kutumia, Ardis."

"Ni injini ya baba yangu."

"Ilikuwa ya baba yako. Hii niliyoitengeneza mimi siyo ile."



"Basi nirudishie ile," Ardis alisema.

Miaka yote niliyomfahamu Delmar, ile ndiyo mara ya kwanza kumwona amefungua kinywa na hakitoki kitu. Ardis hakusubiri. Akaibana fimbo kwapani. "Verna, shika huku," akaniambia, na sisi wanawake wawili wenye magoti mabovu tukaibeba injini, tukaipitisha mbele yake, tukatoka nayo hadi gatini.

Alitufuata. Nilidhani anakuja kutunyang'anya. Kumbe anakuja kufundisha. Kaza vibano vya injini, hapana, vyote viwili. Mafuta ya injini umechanganya kiasi gani kwenye petroli? Fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Kisha akakimbia kuelekea gereji, na huyo si mtu wa kukimbia, akarudi na mnyororo, akapiga magoti kwenye mbao zenye maji akaifunga injini kwenye boti isije ikadondoka ziwani.

Ardis akavuta kamba mara moja. Akavuta ya pili, ikawaka.

Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinguruma vizuri kuliko siku yoyote ya uhai wa baba. Hilo silipingi, ila kwa Delmar sitalitamka hata nikiwekwa kitanzini. Ardis akageuza boti, akaenda zake bila kutazama nyuma. Shemeji alibaki amepiga magoti palepale mpaka mlio ukapotea nyuma ya kisiwa. Alikuwa anajifuta macho, akasema ni moshi. Nimekwisha sema moshi haukuwepo.

Ardis alirudi na ndoo ya sangara na mchubuko mrefu ubavuni mwa injini, alipogonga jiwe. Delmar aliugusa mchubuko ule kwa kidole. Hakusema na mtu mpaka Ijumaa, zile zikiwa siku bora kabisa za ndoa ya dada yangu.

Tangu hapo injini ni ya Ardis tena, na kila asubuhi naisikia. Delmar je? Amejirudi, mtu angedhani. Wapi. Sasa anakaa mgahawani akiwaeleza wenzake wa chama kwamba injini isiyoingia majini ni maiti, kwamba kuiweka sebuleni ni ushamba, kwamba yeye alilitambua hilo mapema sana na kumsihi mkewe aitumie. Nimemsikia kwa masikio yangu. Ardis alikuwepo, ameketi pembeni yake, akaendelea kula mayai yake.

Mwezi uliopita kaleta injini nyingine, imekufa kabisa, ndani ya kreti. Ardis alimwambia jikoni haiingii. Kwa hiyo yuko gereji, kwenye baridi, amevaa koti na kofia ya masikio. Nikipita namsikia anaiongelesha, na angalau yenyewe haiwezi kuondoka.