Mashua ya bahari ilikwama kwenye Nile, nikaambiwa nifute ukurasa. Sikufuta

Wakuu, salamu kutoka Arua.

Mimi huwa nasoma tu humu, sijawahi kufungua uzi. Nina miaka kumi na saba, niko Senior Five, na nikiitwa kusimama darasani natetemeka mpaka wenzangu wanacheka. Lakini hili nitalisema lote, pamoja na sehemu inayonitia aibu.

Kiswahili nimekitoa kwa mjomba wangu anayeishi Koboko, kwa hiyo watu wa Dar na Mombasa mnivumilie. Msiponivumilia pia sawa.

Iko hivi.

Kwetu ni Ayivu, mihogo na maharage. Bahari nimeiona kwenye atlasi tu. Sasa mwaka huu ikaja mashua ya tanga ya utafiti wa bahari, tena ikaja juu ya lori. Si meli kubwa, inalaza watu sita. Miaka yote inazunguka baharini kuchota maji na kutafuta vipande vidogo vya plastiki. Wenyewe wakataka kujua hizo takataka zinaanzia wapi huku juu kwetu. Ikabebwa kutoka Mombasa, ikashushwa majini Panyimur, ifuate Nile mpaka Rhino Camp, halafu Laropi.

Kwenye daraja la Pakwach mlingoti ulilazwa ili ipite. Watoto wa ukingoni wakapiga kelele, "Imekufa! Imekufa!"

Klabu yetu ya sayansi ilipewa nafasi moja. Madam, mwalimu wetu wa klabu, akanichagua mimi. Alimwambia afisa wa mradi wa hiyo mashua, anayesimamia safari kutoka ofisi ya Arua, "Huyu hasemi, lakini anaandika." Kweli, naandika diary tangu Primary Six.

Kapteni alikuwa mama mmoja mzungu, Marta. Siku ya kwanza akanipa log book, kitabu cha mashua. Kila kitu kinaandikwa na saa yake: upepo, kina cha maji, sampuli, nani kasema nini.

Akanifundisha sheria moja. Unaandika kwa kalamu ya wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu, kosa lisomeke, unaweka sahihi. Hakuna kufuta. Hakuna kuchana karatasi.

Wakuu, mimi niliipenda hiyo sheria kuliko mashua yenyewe.

Sasa Jumatano.

Karibu na Rhino Camp mto unagawanyika, katikati kuna kisiwa cha mafunjo. Tulikuwa na mvuvi wa pale, Mzee Ondoga, wa kutuonyesha njia. Akanyoosha mkono: "Kushoto. Kulia maji iko kidogo."

Kapteni hajui Kiswahili. Afisa wa mradi ndiye alikuwa anamtafsiria. Na afisa alikuwa na haraka, maana kule bandarini Rhino Camp watu walikuwa wamefunga hema, viti vinamngoja atoe hotuba. Kulia ni karibu zaidi.

Akamgeukia kapteni, akasema kwa Kiingereza: mzee anasema kote sawa, tupite kulia.

Nilisikia. Mzee hakujua Kiingereza. Athumani, fundi wa mashua kutoka Mombasa, alikuwa chini kwenye injini. Ukimtoa afisa, mtu aliyeelewa lugha zote mbili pale juu nilikuwa mimi peke yangu.

Nikanyamaza.

Ndiyo sehemu yangu ya aibu hiyo, nimeitoa. Mdomo ulikataa. Mkono ndio uliandika: "Mzee Ondoga amesema kushoto. Tumekwenda kulia."

Haikuchukua muda. Mashua za bahari zina mkuku mrefu, ule uti wa chini. Ukaingia kwenye tope, tukasimama kama tumepigiwa msumari.

Athumani akapanda juu, akaangalia maji, akajifuta mikono, akamwambia kapteni kwa Kiingereza: "Hakuna shida. Tungoje maji yajae."

Kapteni akakubali kwa kichwa. Wakuu, tukangoja! Watu wa bahari wamezoea maji kupanda na kushuka kila siku. Ilipita saa nzima tumekaa. Kapteni akasema basi tusipoteze muda, tuchote sampuli namba saba hapo hapo. Ilitoka kahawia kama chai ya maziwa, kwa sababu tope tulikuwa tumelitibua sisi wenyewe.

Mwishowe Mzee Ondoga akauliza, "Nyinyi nangoja nini?"

"Maji yajae, mzee," Athumani akajibu.

Mzee akashika tumbo. "Hapa maji najaa na mvua! Lete godoro basi, tulale mpaka mwezi wa nane!"

Athumani alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, usiwaambie watu wa kwetu, nakuomba." Afisa hakucheka. Wavuvi wa Rhino Camp walikuja na mitumbwi na kamba, wakatuvuta. Niliandika yote, na saa zake.

Mashua ikabaki bandarini, sisi tukaja Arua kupumzika. Ijumaa afisa akaniita ofisini. Akaniwekea kitabu kipya mezani.

"Binti, una mwandiko mzuri. Nakili log yote humu, safi. Jumatano andika tu: tumefika Rhino Camp salama."

Nikaangalia kitabu.

"Wafadhili watasoma. Hayo mengine ni ya kuchekea nyumbani. Na jina lako liko kwenye orodha ya Laropi. Kuliondoa ni dakika moja."

Nilitaka kwenda Laropi, wakuu. Nilitaka mpaka nikaota nashika usukani.

Nikabeba vitabu vyote viwili, nikapanda gari kwenda kwa mjomba Koboko. Ana kibanda cha kuchaji simu. Nikamweleza.

"Futa, mtoto wangu," akasema. "Nani anasoma kitabu cha mashua?"

"Sampuli namba saba watasoma. Bila habari ya kukwama, itasema maji ya Rhino Camp ndiyo machafu kuliko yote. Na wale watu ndio walituvuta."

Mjomba akabadilisha waya wa simu moja, akabadilisha wa nyingine. Halafu akasema, "Sasa mbona mimi unanijibu hivi, na huyo afisa ulimnyamazia?"

Hilo lilinichoma.

Kile kitabu kipya sikukigusa. Nikafungua log ya kweli, chini ya mstari wa mwisho nikaandika kwa wino: "Ijumaa, saa tisa mchana. Nimeambiwa na afisa wa mradi nitoe habari za Jumatano. Sijatoa. Jumatano nilisikia tafsiri si sahihi, nikanyamaza. Kosa langu." Nikaweka sahihi.

Jumatatu gari la ofisi likatupeleka bandarini. Afisa akanyoosha mkono apokee kitabu. Nikampita. Nikampa kapteni, nikaweka kidole kwenye mstari, nikamsomea kwa Kiingereza. Sauti ilitoka ndogo. Ilitoka.

Kapteni akachukua kalamu. Akaweka sahihi yake kando ya yangu. Akarudi ukurasa wa Jumatano, akapiga mstari mmoja kwenye sampuli namba saba, akaandika kando: haifai, tope ni letu.

Afisa akaniambia polepole, "Umejiharibia mwenyewe."

"Sawa," nikasema. Ndilo neno pekee nimewahi kumjibu.

Jina langu akalitoa. Kapteni alibishana naye, lakini ruhusa ya shule inapitia kwake. Mashua ikaondoka, mimi nikarudi Arua na gari lile lile, nimekaa nyuma ya afisa. Nililia? Nililia, lakini uso dirishani.

Wiki iliyofuata Athumani akanitumia picha ya ukurasa kwenye simu ya Madam. Sasa yeye ndiye anaandika log. Mwandiko mbaya, lakini mistari miwili ya mwisho nimeisoma mara nyingi:

"Mzee Ondoga amesema kushoto. Tumekwenda kushoto."

Nilichojifunza, wakuu: kuandika kwangu peke yake hakukuzuia mashua kukwama. Ilibidi nifungue mdomo, na nimechelewa siku tano. Sichelewi tena. Ndiyo maana na uzi huu upo.

Najua wapo watakaosema nimepoteza safari kwa ujinga. Semeni, nipo nasoma. Ila kwanza uniambie: ungekuwa wewe na ile kalamu, ungeandika nini?