Mtani Alipoanza Kutoa Heshima

Sijui kama nitaliandika hili sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la saba, halafu mimi mwenyewe nilikuwemo, na aliyekuwemo huwa anajipendelea. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Tupo watatu, wa soko moja hapa Kahama. Mimi ni fundi cherehani. Kulia kwangu kuna rafiki yetu anayeuza vitenge, kushoto kuna msusi. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, watu wakiwa na raha, tulikuwa tunachagua Jumamosi moja tunakwenda Katoro. Tunakula sato wa kukaanga mpaka vidole vinanuka, jioni tunaingia ukumbini kusikiliza bendi, tunalala gesti, Jumapili tunarudi. Dereva wetu alikuwa mume wa mwuza vitenge. Bendi hakuipenda. Akishakula samaki wake anarudi garini kusinzia, anatungoja. Mke wake hagusi pombe, anakunywa soda ya tangawizi, lakini kwa kucheza alikuwa anatuacha mbali.

Mwaka huu mwanamume yule alifariki. Mwenzetu akakaa eda, akamaliza, akafungua tena duka. Alikuwa anapima vitenge, anarudisha chenji, basi. Chakula tulichompelekea kilirudi na kifuniko chake. Ndipo mimi na msusi tukasema lazima twende naye Katoro, maana tuliona anatupotea huku tunamwangalia.

Hapo ndipo tulipojifanya wajuzi. Tulikaa saluni mchana mmoja ambao hakukuwa na wateja, tukaipanga safari upya. Bendi tukaitoa. Gesti tukaitoa pia, tukasema turudi siku hiyo hiyo. Samaki tukambakiza, ila tule kwenye hoteli moja tulivu, ile ambayo wanakula walimu na watu wa semina. Wazo la hoteli lilikuwa langu. La kutoa bendi sikumbuki lilikuwa la nani. Ningependa liwe la msusi, lakini siwezi kuapa.

Tukamwita mwenyewe. Akaja, akakaa kwenye kiti cha kusukia, mikono mapajani. Msusi akamwambia kwa sauti ya taratibu, "Shikamoo dada. Tumefikiria, kama hutajali, twende mara moja tukabadilishe hewa. Hakutakuwa na kelele. Ukichoka hata tukiwa njiani pale Runzewe, tunageuza."

Lazima nieleze hapa. Msusi ni Msukuma. Mwuza vitenge ni Mzaramo, baba yake aliletwa Isaka na kazi ya reli, na marehemu mumewe naye alikuwa wa huko huko kwao. Wasukuma na Wazaramo ni watani, kutaniana ni haki yao, hata msibani. Miaka yote niliyowajua hawa wawili sikuwahi kusikia shikamoo kati yao, ingawa msusi ni mdogo. Asubuhi ilianza kwa matusi. "We Mzaramo, kwenu ngoma ikilia mnauacha ubwabwa uungue!" Naye anajibu, "Kaa huko na michembe yako, mtu mzima unatafuna viazi vikavu kama mbuzi!" Wateja wageni walidhani wanagombana.

Tangu msiba msusi aliacha. Alianza shikamoo, alianza dada, alianza kunong'ona. Mimi niliona ndiyo adabu. Nilimsifu, hata.

Mwenzetu alisikiliza mpango wetu mpaka mwisho. Akasema, "Nendeni nyie."

"Kwa nini, dada?"

"Usiniite dada." Akamgeukia. "Siku ya msiba nilikuwa nakungoja. Watani wa mtaa wa pili walikuja, hata siwajui, wakavaa kanzu ya mume wangu, wakadai walipwe ndipo maiti itoke. Wewe mtani wangu wa kila siku ulikuwa jikoni unalia. Sawa, nilisema atakuja kesho. Kesho ukanipa shikamoo. Mpaka leo shikamoo. Kwa hiyo na mimi nimezikwa?"

Msusi alishika chanuo, akaliangalia. Nimtendee haki: alimpenda yule mwanamume kama kaka, na mtu hawezi kufanya vichekesho machozi yakiwa hayajakauka. Mwenzetu naye alikuwa na haki yake.

Kisha msusi akainuka. Akachukua taulo la wateja, akalikunja kichwani likawa kofia ya viua. Akatoa tumbo mbele. Akaanza kutembea saluni nzima huku anavuta miguu, na mimi nikamtambua marehemu kabla hajafungua mdomo. Akafika kwenye meza ya mafuta ya nywele, akainama, akalinusa chanuo mbele nyuma kama anavyonuswa samaki.

"Huyu sato ametoka ziwani lini?" akauliza kwa sauti nzito ya marehemu. "Mbona ananiangalia vibaya?"

Maneno yale yale. Kila mwaka marehemu aliyasema kule Katoro kwa mhudumu yule yule.

Mwenzetu alijishika mdomo. Niliogopa. Sikujua kama tumeharibu kabisa. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, cha zamani, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na alipoinuka uso ulikuwa umelowa.

"Hakuwa anatembea hivyo, muongo wewe," alisema. "Mguu wa kushoto ndio alikuwa anauvuta."

"Nitajuaje, Wazaramo wote mnajivuta tu!"

"Rudia. Wa kushoto."

Msusi akarudia. Akaigiza na alivyokuwa anaketi na kusinzia garini, mdomo wazi. Mwenzetu alimsahihisha kila mahali, hata namna ya kukoroma.

Alipojifuta uso kwa ncha ya mtandio akasema hoteli ya walimu hataki kuisikia. Tutakula pale pale petu. Bendi irudishwe, gesti irudishwe, na gari la kukodi atalitafuta yeye. Mpango wetu wa mchana mzima uliisha hivyo, na sidhani kuna aliyeusikitikia.

Jumamosi asubuhi mimi na mwenzetu tulikuwa tumeshaingia garini, yeye mbele kando ya dereva, pale alipokaa siku zote. Msusi alichelewa. Tulimwona anakuja anakimbia na mfuko wa kanga, na niliona mwenzetu ameacha kutafuna ubani, anamwangalia. Msusi akafika dirishani, anahema.

"We Mzaramo," alisema, "kumbe bado upo tu?"

"Nife nikuachie samaki wangu? Ingia, mla michembe, unatuchelewesha."