Kipande cha Manamba

Jamani, leo nimemliza baba mkwe.

Mnajua nakusanya makaratasi ya enzi ya Mwingereza. Hapa ukweni, Isevya, wananicheka tu.

Leo baada ya chakula nikawaonyesha kipande cha manamba, ile kadi ya kibarua wa mashamba ya mkonge. Nikasema, "Oneni kilivyo kizuri!"

Baba mkwe akasogeza kiti karibu.

"Nisomee jina, mwanangu."

Nikasoma.

"Siye," akasema. "Baba yangu alikwenda Tanga kukata mkonge, mimi mdogo. Hakurudi. Unavyo vingine?"

Ninavyo kumi na kimoja. Nikamsomea vyote, jina kwa jina, yeye anatikisa kichwa huku machozi yanamtoka.

Hayumo.

Sasa ananiuliza nitapata vingine lini. Nimjibuje?