Diski Niliyoiacha Kwenye Mashine

Sogea unisikilize, mwanangu, wewe unayefungua karakana ndogo na kulalamika kwamba hakuna pa kuweka mashine. Nakumbuka asubuhi tuliyotoka mtaani kwetu Hewa Bora kwenda mtaa wa Kasungami kufunga geti, mimi na kaka yangu Sadiki. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja. Geti likiingia, sisi tunatoka. Kwa hiyo yaya alitengeneza masanduku mawili ya mbao yaliyopandana chini ya meza. Humo kila mashine ilikuwa na kitanda chake: drili huku, mashine ya kukatia chuma kule. Diski za kukatia zililala peke yake ndani ya mkebe bapa, maana diski ni nyembamba. Ikigongwa hupata ufa ambao jicho linaweza kuukosa.

Mimi nilimcheka. "Yaya, hii iko sanduku ya maiti. Tutazika mashine?"

"Zika tu," akanijibu. "Kesho itafufuka muzima."

Siku ile niliona sanduku ni zito. Nikasokomeza mashine zote katika gunia la unga, nikalifunga nyuma ya baiskeli yangu. Yaya alikuwa nje akifunga vyuma kwenye baiskeli yake. Akauliza, "Diski, ulishatosha?"

Kwetu Lubumbashi kutosha ni kuondoa. Nami, nikijifanya mjanja wa maneno, nilitazama gunia nikajibu, "Inatosha, yaya." Nilimaanisha mashine imeenea humo pamoja na diski yake. Yeye alisikia neno lake likirudi, akaridhika.

Barabara ilikuwa mashimo matupu, na drili iliigonga diski njia nzima. Tulipofika nilimpa yaya mashine. Alidhani nimefunga diski mpya kutoka kwenye mkebe. Akaiwasha, akainama kwenye bawaba. Diski ikapasuka, na kipande kikaingia jicho lake la kulia.

Hospitalini, kichwa kimefungwa bandeji, aliniuliza polepole, "Shi ulisema ulitosha?"

"Shi" ni "si" ya kwetu. Nikainama kunyoosha shuka lake.

"Ambia mama nilianguka na kinga," yaya akasema. Kinga ni baiskeli. Mama yetu alifariki akiamini hivyo, na mimi sikuwahi kupata ujasiri wa kumweleza.

Jicho lile halikurudi. Hadi leo yaya akisimamisha mlango huniita, "Niangalilie kama iko sawa." Naangalia, namwambia uko sawa, kisha natafuta kazi ya kufanya upande mwingine ili asinione uso.

Chumba kidogo si aibu, mwanangu; wengi wetu tulianzia humo, nawe utaweza. Tengeneza masanduku ya upana mmoja ili yapandane, la vitu vizito likae chini. Wekea kila mashine kizuizi cha mbao au sponji, isiigonge nyingine njiani. Na mwenzako akikuuliza, mjibu kwa neno lisilo na maana mbili.

Mungu ayalinde macho yako, na ya yule utakayefanya naye kazi. Kabla ya safari ya kesho, chomoa waya, ondoa diski, ilaze peke yake mahali pakavu. Ukikuta ina ufa hata mdogo, ivunje, uitupe.