Ukifika Sinema, Umefika

Mtaa mzima ulimwita Bibi Tochi, na hata mjukuu aliyelelewa naye ilibidi afikiri kidogo alipoulizwa jina halisi la bibi yake. Hilo la Tochi alilipata sinema. Kazi yake ilikuwa kuwapokea mlangoni waliochelewa, kuwamulikia chini na kuwafikisha kwenye viti vyao bila kukanyaga mtu. Kazi ndogo, utasema. Haya, jaribu wewe kumpitisha mama mnene mwenye mtoto mgongoni katikati ya safu ya wanaume wanaotazama watu wakipigana, usikie utakavyotukanwa. Yeye hakutukanwa. Akikohoa tu, magoti yanakunjwa safu nzima. Na alikuwa na fahari moja aliyoitaja mpaka ikawachosha watu: tangu aajiriwe, hajapata kumpoteza mtu.

Sinema ilifungwa zamani. Bibi Tochi akabaki ng'ambo ya barabara, kwenye vyumba viwili vya ghorofani alivyovipanga akiwa bado msichana, na maduka chini ya dirisha lake yakabadilika moja baada ya jingine. Ila yeye na majirani zake walikuwa na tabia isiyoeleweka kwa mgeni: duka linakufa, jina linabaki. Ukiuliza njia utaambiwa upite kwa Fundi Saa, na mwenyewe Fundi Saa kaburi lake limeshaota nyasi, na dukani kwake panauzwa makava ya simu. Mungu amrehemu, alitengeneza saa za mji mzima, lakini zilizoning'inia ukutani kwake kila moja ilisema lake. Ukimuuliza ni saa ngapi, naye anakuuliza, "Unawahi au umechelewa?" halafu anakuchagulia inayokufaa.

Kutoka kwa Fundi Saa unapinda kwenye Mkahawa wa Kikombe Kimoja, ambao sasa ni ofisi ya bima. Kikombe kimoja cha chai kilikupa haki ya kukaa tangu adhuhuri hadi jua kuzama, ukabishana mpira, ukawaoza mabinti wa watu bila baba zao kujua, huku mwenye mkahawa akipita na kitambaa kufuta meza mliyoiegemea, akitumaini mtaelewa. Hakuna aliyeelewa. Ndiyo sababu alifilisika, na ndiyo sababu anapendwa mpaka leo.

Mlango wa Bibi Tochi mwenyewe ulikuwa kati ya duka la kaseti na studio ya mpiga picha. Duka la kaseti liliweka spika nje na kupiga wimbo ule ule mpaka mtu aununue ili wengine wapumzike. Mpiga picha naye alikuwa na pazia lililochorwa ndege, kwa hiyo hakuna nyumba mtaani isiyo na picha ya mtu akipunga mkono mbele ya ndege, na wengi wao hata boti hawajapanda. Siku hizi upande mmoja ni duka la dawa, upande wa pili wanauza nguo za watoto.

Mwana wa pekee wa Bibi Tochi, fundi wa majokofu mwenye nyumba yake pembezoni mwa mji, hakuona raha yoyote katika mambo hayo. Majuzi bomba la jikoni lilipasuka, Bibi Tochi akamwelekeza fundi bomba kwa simu, na fundi akazunguka mtaani mpaka maji yakashuka ngazi kwenda kuliamkia duka la dawa.

"Mama, njoo ukae kwangu," mwanawe alisema. "Chumba kipo, bustani ipo. Siku ukiugua, gari la wagonjwa utaliambia lipite kwa Fundi Saa?"

"Kwani lipite wapi?"

Hakuitaka bustani. Bustani ina nini? Majani hayapiti yakakusalimu. Lakini lile swali la gari la wagonjwa lilimchoma, maana lilikuwa swali la haki, tena limetoka kwa mtoto anayempenda. Basi mjukuu, binti wa mwanawe huyo, alipopata mchumba na wazee wa kijana wakataka kuja kujitambulisha, Bibi Tochi aling'ang'ania waje kwake. Mwanawe akakubali kwa sharti.

"Waelekeze mwenyewe. Wakifika, sitakutajia tena habari ya kuhama. Wakipotea, unafunga mizigo."

"Nimekubali. Mimi sijapata kumpoteza mtu."

Akampigia simu shangazi wa kijana, aliyekuwa kiongozi wa msafara. "Shukeni benki, muulizie kwa Fundi Saa. Pindeni Kikombe Kimoja, kisha nyoosheni. Ukifika sinema, umefika." Shangazi, asiyetaka kuonekana mshamba, aliitikia sawa kwa kila neno.

Siku ikafika, saa ya wageni ikafika nayo, ikapita. Vitafunio vikafunikwa upya. Mwanawe alisimama dirishani ndani ya suti iliyombana, na tuseme ukweli, hakufurahia ushindi wake hata kidogo. Alimwonea mama yake huruma. Simu ilipolia, mjukuu akaifungulia sauti wote wasikie.

"Mama, utuwie radhi, tumezunguka sana," alisema shangazi. "Kwa Fundi Saa tumeonyeshwa, Kikombe Kimoja tumeonyeshwa, watu wenu wana adabu. Sinema nayo wanasema ndiyo hapa. Lakini mbona tunaona duka la magodoro tu?"

"Ndiyo hapo hapo. Tazameni ng'ambo, mlango uko kati ya kaseti na mpiga picha."

"Ng'ambo kuna dawa na nguo za watoto, mama. Tumepita tukarudi, tukapita tukarudi. Babu yake kijana miguu imelegea, tumemkalisha kwenye godoro."

Bibi Tochi akatafuta viatu vyake. "Nimewapoteza," alisema, na machozi yakamlengalenga asiyafiche. "Nakwenda kuwachukua. Tukirudi nitafunga mizigo."

Wakashuka wote watatu, wakavuka barabara. Ndani ya duka, wageni walikuwa wamejipanga kwenye kingo za magodoro wakiwa wamevalia vizuri, vifurushi mapajani, na muuzaji, mgeni katika mtaa huo, akiwazunguka kwa matumaini. Babu alikuwa ametandaza miguu katikati ya njia. Bila hata kufikiri, Bibi Tochi akakohoa. Babu akakunja magoti.

Kisha akainua uso taratibu. "Kikohozi hicho nakijua. Wewe uliwahi kunitoa nje humu."

"Ulipiga mluzi?"

"Nilipiga."

"Basi ulistahili."

"Nilistahili. Lakini mwisho sikuuona. Yule mwizi wa treni, walimkamata?"

"Walimkamata. Aliyemchongea ni dada yake."

Babu akashika kichwa. "Yule dada? Na mimi niliyemwamini miaka yote hii."

Wageni wakaangua kicheko, na Bibi Tochi akajikuta anawatembeza. Palipo na mito palikuwa na pazia la filamu. Vitanda vya mbao vimesimama penye viti vya bei rahisi, ambako ukitoka shingo inakuuma. Kule nyuma walikaa wapenzi, na kwao ilibidi ukohoe ungali mbali. Shangazi, aliyekaa nyuma, aliinuka haraka, akatazama huku na huku, kisha akakaa tena.

"Na mimi ulikuwa unanilaza wapi?" mwanawe aliuliza.

Bibi Tochi alinyoosha kidole juu ya meza ya muuzaji, penye ukuta uliozibwa na kupakwa rangi. "Chumba cha mashine, kwenye sanduku. Sikuwa na mtu wa kukuachia. Filamu ikikatika watu wakazomea, unaamka ukilia, nami napanda mbio."

"Gizani?"

"Gizani. Njia ya kwako sikuhitaji kuimulika."

Mwanawe aliutazama ukuta ule mpaka muuzaji akauliza kama kuna tatizo la rangi. Kisha akamgeukia shangazi. "Mama yangu aliwaambia mfike wapi?"

"Sinema."

"Na mimi nimewakuta wapi?"

Shangazi aliyatazama magodoro, akamtazama babu aliyekuwa bado anamlaumu dada wa mwizi. "Sinema," alisema.

"Basi hakuna aliyepotea." Akamshika mama yake mkono. "Mizigo iache ilipo, Mama. Ila gari la wagonjwa nitalielekeza mimi."

Bibi Tochi akasema sawa, akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akamwambia babu ainuke, chai inapoa, na mambo ya posa hayazungumzwi juu ya magodoro.